Dola 400 kwa Saa: Kisa cha Merikebu ya Wavaikingi na Bili ya Rubani

Mwishoni mwa Aprili 2016 merikebu Draken Harald Hårfagre, iliyoundwa kwa mtindo wa Wavaikingi, mabaharia wa kale wa Skandinavia, iling'oa nanga Haugesund, Norwei, ikapita Shetland, Visiwa vya Faroe, Iceland na Greenland, na mwanzoni mwa Juni ikafika St. Anthony, Newfoundland. Ni chombo cha wazi, hakina chumba chini ya sitaha. Mabaharia thelathini na ushei walilala katika hema moja, wakipokezana zamu saa nne kwa saa nne. Baridi, ukungu na vipande vya barafu wakavipita salama. Kilichokuja kuwazuia kiliwakuta Julai, kwenye maji ya ziwani yasiyo na chumvi, nacho kilikuwa hesabu kwenye karatasi: takriban dola 400 za Marekani kwa kila saa ya rubani, jumla iliyokadiriwa kufika dola 400,000 hadi ziara iishe.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Msomaji wa Kiswahili akisikia Maziwa Makuu anafikiria Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Hapa tunasema maziwa matano ya Amerika Kaskazini: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, yanayopakana na Marekani na Kanada, isipokuwa Michigan ambalo lote liko Marekani. Meli za baharini huyafikia kwa kupanda Mto St. Lawrence na milango ya maji, yaani vyumba vya kuinua na kushusha vyombo, iliyofunguliwa mwaka 1959. Na neno rubani nalo, ambalo siku hizi tumewaachia watu wa ndege, hapa linarudi kwenye kazi yake ya kale: mtu anayejua maji ya mahali, anayepanda chombo cha mgeni na kukionyesha njia. Ndiye mtu ambaye Vasco da Gama alipewa na mfalme wa Malindi mwaka 1498 ili avuke hadi Calicut.

Chombo na ratiba yake

Draken ilishushwa majini mwaka 2012. Ni mwaloni mtupu, urefu karibu meta 35, upana meta 8, makasia 50, mlingoti mmoja na tanga moja la mraba la hariri lenye ukubwa wa meta za mraba 260 hivi. Si nakala ya chombo kimoja kilichofukuliwa. Ni jaribio la kuunda merikebu kubwa ya vita kama zinavyosimuliwa katika visa vya kale vya Wanorwei. Kwa mwandaaji wa tamasha, hiki ni chombo cha kuota ndoto: kichwa cha joka kikitokeza kwenye ukungu wa asubuhi, watu hujaa gatini bila tangazo.

Matamasha yenyewe yana utaratibu wake. Shirika la Tall Ships America hupanga msimu wa mashindano na ziara, na kila baada ya miaka kadhaa zamu huwa ya Maziwa Makuu. Mwaka 2016 ilikuwa zamu hiyo. Miji hupokezana merikebu zilezile wiki baada ya wiki. Kila mji hulipa merikebu ada ya kujitokeza, hutoa gati, maji, umeme na ulinzi, kisha huuza tiketi. Ratiba ya Draken baada ya Quebec ilikuwa Toronto mwanzoni mwa Julai, Fairport Harbor jimboni Ohio, Bay City jimboni Michigan, Chicago mwishoni mwa mwezi, Green Bay mwanzoni mwa Agosti, na Duluth, pembe ya mwisho ya Ziwa Superior, katikati ya Agosti.

Ukiitazama ratiba hiyo kwa jicho la nahodha, inapendeza: mwendo wa siku tatu, mapumziko ya siku tatu. Ukiitazama kwa jicho la mhasibu anayelipa kwa saa, inatisha.

Meta 35 kwa mmoja, bendera kwa mwingine

Njia hii ya maji ni nyumba moja yenye wenye nyumba wawili, na kila mmoja ana vitasa vyake. Upande wa Kanada, kipimo kilichowahusu wasafiri hawa kilikuwa urefu. Msafara ulieleza kwamba chombo kilichukuliwa kuwa hakizidi meta 35 na kikasamehewa kubeba rubani. Mlango ukafunguka, wakaingia.

Upande wa Marekani swali ni jingine kabisa. Sheria ya urubani wa Maziwa Makuu ya mwaka 1960, iliyotungwa mara tu baada ya njia hiyo ya maji kufunguliwa, inaagiza kila chombo cha kigeni kiwe na rubani aliyesajiliwa Marekani au Kanada. Haiulizi urefu, haiulizi kama kina injini au makasia, wala haiulizi kama kimebeba ngano au kichwa cha joka. Inauliza bendera. Meli za humo humo ziwani haziguswi kwa namna hii, kwa kuwa manahodha wake huyajua maji hayo na wana leseni zake. Mgeni hana.

Misamaha nayo ni finyu. Chombo kinaweza kwenda bila rubani kikiarifiwa rasmi kwamba hakuna rubani anayepatikana, au kikiwa hatarini. Hakuna kifungu cha heshima kwa wageni wa utamaduni. Kwa hiyo watu walipotia saini kwa maelfu kuwaomba Walinzi wa Pwani wa Marekani wailegeze sheria, walikuwa wanabisha hodi kwenye nyumba isiyo na ufunguo. Ofisi inayosimamia sheria haiwezi kusamehe kile ambacho Bunge halikuiruhusu kusamehe. Hasira ile ilieleweka, ila ilielekezwa siko.

Sasa, inakuwaje chombo kifike hadi Ziwa Erie bila mtu kuligundua hilo? Jibu liko kwenye wingi wa ofisi. Kati ya Montreal na Ziwa Ontario kuna milango saba ya maji: mitano ya Kanada, miwili ya Marekani. Milango hiyo inaendeshwa na mashirika ya mfereji, moja kila nchi, ambayo hujali vipimo vya chombo, kamba, kinga za ubavuni na malipo ya kupita. Urubani uko kwenye ofisi nyingine mbili, tena moja kila nchi. Ya Marekani iko chini ya Walinzi wa Pwani. Jumla nne. Kuruhusiwa na tatu hakukuhesabii ya nne. Ila mtu aliyepita mlango wa Marekani, akapungiwa mkono na wafanyakazi, akaendelea, ni rahisi mno kudhani kwamba Marekani imeshasema ndiyo.

Meta 35 nazo zina uchawi wake. Chombo kinachokaa juu ya mstari wenyewe humfanya mwenyewe ahangaike na sentimita, apime na kupima tena, na akishinda hoja ya sentimita anahisi ameshinda kesi nzima. Hapa ndipo kosa lilipokaa. Wala si kosa la uzembe: jibu sahihi la swali moja lilichukuliwa kuwa jibu la maswali mawili.

Saa zinavyolimbikizana

Dola 400,000 kwa kiwango cha dola 400 ni saa 1,000. Hizo ni karibu siku 42 za usiku na mchana. Ukihesabu tangu mwanzo wa Julai hadi Agosti inapoelekea ukingoni, utaona kwamba kadirio hilo lilikuwa linameza sehemu kubwa ya ziara nzima. Haishangazi. Rubani hulipwa anapoelekeza chombo, na pia anapocheleweshwa kwa sababu za chombo, na gharama zake za kusafiri kwenda kukipanda na kurudi kwao huingia kwenye bili. Maziwa yamegawanywa wilaya tatu za urubani: ya kwanza ni Mto St. Lawrence na Ziwa Ontario, ya pili Ziwa Erie na mito ya Detroit na St. Clair, ya tatu Huron, Michigan na Superior. Ukivuka mpaka wa wilaya unamshusha mmoja na kumpandisha mwingine.

Chukua mguu mmoja tu, Bay City hadi Chicago: kuteremka Ghuba ya Saginaw, kupanda Ziwa Huron hadi mlangobahari wa Mackinac, kisha kushuka Ziwa Michigan lote. Tuseme maili 450 za baharini. Meli ya mizigo inayokwenda maili 12 kwa saa inamaliza kwa saa 37 na nusu. Kwa dola 400 ni dola 15,000, zikigawanywa juu ya shehena ya maelfu ya tani. Merikebu ya tanga moja ikijivuta kwa wastani wa maili 5 inahitaji saa 90, yaani dola 36,000, na shehena yake ni mabaharia na nguo zao zilizolowa. Mlipaji mdogo analipa zaidi ya mara mbili kwa njia ileile, kwa sababu tu ni mwendapole.

Na hiyo ni kama upepo ni wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma. Kiangazi, upepo wa Ziwa Michigan mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na Chicago iko kusini kabisa. Tanga la mraba si tanga la jahazi letu. Halipendi kushika joshi, yaani kwenda karibu na upande upepo unakotoka. Kama chombo kinaweza kukaribia upepo kwa nyuzi 65 tu kila upande, basi kila maili moja ya kuelekea upepo inakuwa maili 2 na zaidi za kubisha huku na huku. Nahodha atakayengoja upepo ugeuke anaokoa nguvu za watu wake, lakini ana mtu mmoja kwenye sitaha ambaye saa yake inaendelea kuhesabu. Ndiyo maana merikebu nyingi za matamasha hutembea kwa injini sehemu kubwa ya njia kati ya mji na mji. Watazamaji huona matanga yakitandazwa maili chache kabla ya bandari.

Jambo jingine linalouma: sheria hiyohiyo hutofautisha maji. Kwenye mito na mapito membamba, rubani lazima aelekeze chombo mwenyewe. Kwenye ziwa la wazi inatosha awemo chomboni, tayari kuelekeza akihitajika. Kwa hiyo usiku wa Ziwa Michigan, sehemu kubwa ya fedha ingemlipa mtu wa kukaa hemani pamoja na zamu iliyolala, akiamka kwa chai.

Hata hivyo marubani wasigeuzwe majambazi wa kisa hiki. Ni wachache, wamejipanga katika vyama vitatu, kimoja kila wilaya, na viwango vyao hupangwa na serikali. Rubani anayekwenda siku nne na merikebu ya maonyesho hayupo kwa meli ya nafaka inayosubiri nje ya bandari, nayo pia inahesabu hasara kwa saa.

Kwa nini tiketi zisingeokoa

Wengi waliuliza: si wachukue abiria? Watu wangelipa vizuri kwa matembezi ya saa mbili chini ya tanga la hariri. Hapo sheria ya pili inaingia, ya mwaka 1886, inayokataza chombo cha kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani. Kuondoka gatini, kuzunguka ndani ya maji ya Marekani na kurudi gati lilelile kunahesabiwa hivyohivyo. Ziwa Michigan lote ni la Marekani, kwa hiyo hata mwanya wa kujidai umeenda nje haupo.

Bay City ilionyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwenyeji wa tamasha pale alikuwa shirika la BaySail, lililokuwa na skuna zake mbili (merikebu za milingoti miwili), Appledore IV na Appledore V. Skuna ya Kimarekani iliyokaguliwa kwa ajili ya abiria huweza kujaza watu, ikatoka, ikarudi, ikajaza tena, mara kadhaa kwa siku. Merikebu ya kigeni iliyofungwa jirani yake huweza kuuza kitu kimoja: kupanda sitahani na kushuka.

Tukadirie kitu hicho, kwa namba za kubuni ila za kawaida. Watu 30 kwa mkupuo, dakika 15 kila mkupuo, ni watu 120 kwa saa. Saa 8 ni watu 960, siku tatu ni 2,880. Kwa dola 10 kila mtu, mji mmoja unatoa dola 28,800. Miji sita ni dola 172,800, na hapo hujanunua chakula wala mafuta. Hata usilipe chochote kingine, hufikii nusu ya bili ya rubani. Na mkupuo hauongezeki kwa kupenda: sitaha imejaa kamba, mabenchi ya makasia na foromali (boriti ya kushikia tanga) iliyoshushwa, na ukizidisha watu wanaanza kujikwaa. Foleni ndefu gatini inapendeza kwenye picha lakini hailipi zaidi ya upana wa ngazi.

Yaliyofanyika, na yaliyowezekana

Habari ilipotoka, taasisi ya Wanorwei wa Marekani, Sons of Norway, ilianzisha mchango. Fedha ziliingia, hazikutosha kwa ziara nzima, ila zilitosha kubadili uamuzi wa kukatisha mara moja. Draken ikaenda Chicago, ikaenda Green Bay, ikaishia hapo. Duluth ikafutwa.

Ule ulikuwa mkato wa busara. Kutoka Green Bay hadi Duluth ni kutoka tena ziwani, kupanda Mto St. Marys pamoja na milango ya Sault Ste. Marie, kisha kulivuka karibu Ziwa Superior zima, halafu kurudi njia hiyohiyo. Ni mguu mrefu kuliko yote, wa kwenda mara mbili, kwa tamasha moja. Ukikata hapo, unaokoa saa nyingi zaidi kwa hasara ya mji mmoja tu.

Yaliyowezekana kabla ya safari yalikuwa rahisi zaidi. Mwandaaji anayealika chombo cha bendera ya kigeni angeanza na barua mbili zinazofanana, moja kwa kila mamlaka ya urubani, zikitaja bendera, namna chombo kilivyosajiliwa, urefu wote wa chombo na orodha ya bandari kwa tarehe. Jibu liwe la maandishi. La simu halishikiki. Likirudi kwamba rubani ni lazima, saa zinahesabiwa kwa mwendo wa chini, si wa wastani wala wa matumaini, kisha inaongezwa akiba ya upepo wa omo, unaopiga kutoka mbele. Halafu linakuja swali ambalo mikataba mingi hulikwepa: nani analipa? Kila mji ukimwachia mwenye merikebu, atalipa kwa niaba ya miji yote sita na kuanguka katikati. Miji ikigawana kwa maili za kila mguu, Duluth ingeona mapema kwamba mguu wake ni ghali kupita kiasi, na ingeamua kabla ya kuchapisha mabango.

Ratiba yenyewe ingeweza kushonwa upya. Bandari nne zilizo karibu, au kukaa wiki mbili mahali pamoja, kungepunguza saa za majini bila kupunguza siku za tiketi. Merikebu iliyofungwa gatini haihitaji rubani. Na palipo na skuna za wenyeji, tiketi ya kupanda sitaha ya mgeni huuzwa pamoja na ya matembezi ya skuna: mtu akaone joka, kisha asikie upepo kwenye chombo kinachoruhusiwa kumbeba.

Kurudi baharini, Draken haikupita tena St. Lawrence. Iliingia Mfereji wa Erie, ulio chini ya jimbo la New York. Gharama yake ni ya aina nyingine: baadhi ya madaraja ya mfereji ule hayaachi hata meta 5 juu ya maji, na mlingoti wa Draken una meta 24 hivi. Ukalazwa, na merikebu ikapita kati ya mashamba na miji midogo kwa mwendo wa kutembea hadi Mto Hudson, ikafika New York Septemba, kisha ikaenda kupumzika Mystic Seaport, Connecticut. Njia hiyo haikuwa ngeni kwa Wanorwei. Mwaka 1893 nahodha Magnus Andersen alileta merikebu Viking kutoka Bergen hadi maonyesho ya Chicago kwa kupandia Hudson na Mfereji wa Erie huohuo. Wakati ule hapakuwa na sheria ya 1960, wala milango ya 1959 ya kumshawishi mtu apite kwingine.

Duluth tamasha halikuvunjika. Galeoni ya Kihispania El Galeón Andalucía ilifika. Kwa urefu wake wa karibu meta 50 haikuwa na mstari wa meta 35 wa kuegemea. Pembeni yake bandarini aliwekwa bata wa manjano wa kujazwa upepo, kimo chake kama meta 18, na watu walipanga foleni kumpiga picha. Bata hahitaji rubani.